Texas hakuna kodi ya mshahara, lakini mfukoni kitabaki nini?

*"Mshauri, habari za kazi. Tuko watu watano hapa Worcester, Massachusetts: mimi, mume wangu na watoto wetu wa miaka 11, 7 na 2. Wote tuna kadi ya kijani, na tunatarajia kuomba uraia mwakani. Mimi ni CNA, msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya wazee, nalipwa dola 23 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Mume wangu yuko bohari, dola 21. Pango ni dola 2,300 kwa vyumba vitatu. Dada yangu mkubwa anakaa ghorofa ya chini na ndiye anayebaki na mdogo tukiwa kazini. Mimi naenda kazini kwa basi, gari letu moja analo baba watoto. Binamu yake alihamia Fort Worth, Texas, akanunua nyumba mwishoni mwa 2020, na analipa dola 1,500 tu kwa mwezi. Anasema kule serikali haikati kodi kwenye mshahara, maisha ni rahisi, na kazi za bohari za dola 18 zimejaa. Mimi nimepiga simu nyumba moja ya wazee, wameniambia dola 18. Mtandaoni nyumba za vyumba vitatu naziona kama dola 1,950. Watoto wana MassHealth, bima ya afya ya jimbo, sisi wakubwa tuna bima ya kazini kwa mume wangu. Anataka tuhame Juni shule zikifungwa. Mimi moyo unasita, lakini sina hesabu ya kumwonyesha. Nisaidie."*

Dada, shemeji yako wa Fort Worth hakudanganyi. Texas kweli haitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, na si peke yake. Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Washington na Wyoming nazo hazitozi. Mumeo naye ana sababu ya kuchoka, kwa sababu dola 2,300 za pango kila mwezi zinauma. Ila naona nyumbani kwenu mmebishana kuhusu kodi, na kodi ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika jambo hili. Wewe umesema huna hesabu ya kumwonyesha, basi tuifanye pamoja, ukae naye mezani mpitie tarakimu moja moja.

Kabla sijaendelea, Kiswahili chetu kinaweza kutuchanganya. Kodi ni ya serikali, na kodi ni ya mwenye nyumba pia. Hapa ya mwenye nyumba nitaiita pango, na nikisema kodi ujue ni ya serikali.

Tuanze na hiyo kodi mnayotaka kuikimbia. Mwaka wa kazi wa saa 40 kwa wiki una saa 2,080. Kwa dola 23 wewe unapata 47,840, na mumeo kwa dola 21 anapata 43,680. Jumla ni dola 91,520. Massachusetts hutoza asilimia 5, na watu wengi huishia hapo: wanapiga asilimia 5 ya 91,520, wanaona zaidi ya dola 4,500 na wanashtuka. Lakini jimbo halitozi kila dola. Mkijaza ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka, pamoja kama mume na mke, dola 8,800 hazitozwi. Kila mtoto anawaondolea 1,000 nyingine. Michango yenu ya Social Security na Medicare inaondoa hadi 2,000 kwa kila mmoja wenu. Nusu ya pango mnalolipa nayo inaondolewa, isizidi 4,000. Ukijumlisha hizo zote ni dola 19,800 zisizotozwa, na zinabaki 71,720. Asilimia 5 yake ni 3,586. Halafu jimbo linawapunguzia dola 440 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 13, na wenu wote watatu wamo, kwa hiyo toa 1,320.

Inabaki dola 2,266 kwa mwaka, yaani chini ya 190 kwa mwezi kwa familia nzima. Ongeza kama dola 35 kwa mwezi za mchango wa likizo ya uzazi na ugonjwa, ule unaoonekana kwenye karatasi ya mshahara kwa herufi PFML. Hiyo ndiyo mizigo yote ya jimbo ambayo Texas ingewatua.

Sasa angalia upande wa pili. Kutoka dola 23 hadi 18 unapoteza dola 5 kwa saa, yaani 10,400 kwa mwaka. Mumeo kutoka 21 hadi 18 anapoteza 6,240. Kwa pamoja ni dola 16,640. Si zote zitatoka mfukoni, maana mtu akipata kidogo hukatwa kidogo pia. Social Security na Medicare hukata asilimia 7.65, kwa hiyo hapo mtaokoa kama 1,270. Kodi ya serikali kuu, kwa viwango vya 2025 na watoto watatu, leo karibu hamlipi kitu. Mkishuka hadi mapato ya Texas mtarudishiwa kama 1,870 za watoto. Nimeyaingiza yote hayo, pamoja na kodi ya Massachusetts na PFML ambazo hamtazilipa tena. Bado fedha za kubeba nyumbani zinapungua kwa takriban dola 10,700 kwa mwaka, karibu 890 kila mwezi.

Mumeo asidhani nimepika namba ili kumpinga. Sababu ya mishahara kupishana hivyo inajulikana. Kima cha chini Massachusetts ni dola 15 tangu Januari 2023. Texas inafuata kima cha serikali kuu, dola 7.25, ambacho hakijapanda tangu Julai 2009. CNA halipwi kima cha chini, lakini kima hicho ndicho sakafu, na nyumba ya wazee inagombea wafanyakazi na duka kubwa la jirani na mgahawa wa jirani. Sakafu ikiwa chini, na walio juu yake wanashuka. Halafu nyumba nyingi za wazee huishi kwa malipo ya Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, na kila jimbo hupanga lenyewe litailipa nyumba kiasi gani kwa mgonjwa. Jimbo likibana, meneja hana pa kukupandishia.

Tuje kwenye nyumba. Shemeji yako analipa 1,500 kwa sababu alinunua mwishoni mwa 2020, wakati riba za mikopo ya nyumba ya miaka 30 zilikuwa chini ya asilimia 3. Kufikia Oktoba 2023 riba hizo zilikaribia asilimia 8, na tangu hapo hazijarudi kule zilikokuwa. Bei za nyumba zenyewe nazo zimepanda. Huwezi kuhamia kwenye malipo ya mtu mwingine. Malipo yenu ni yale uliyoyaona mwenyewe mtandaoni, dola 1,950, na hapo mnaokoa 350 kwa mwezi. Mkopo wake pia haujakaa palepale kama anavyosimulia, maana ndani ya malipo hayo kwa kawaida mna kodi ya majengo na bima ya nyumba, na vyote viwili Texas vimekuwa vikipanda. Jimbo lisilotoza mshahara lazima lipate fedha za shule na barabara mahali pengine, na Texas inazipata sana kwenye majengo. Kodi yake ya majengo ni kati ya zilizo kubwa nchini. Mpangaji haletewi bili hiyo, lakini mwenye nyumba huiweka ndani ya pango. Kodi ya mauzo Fort Worth ni asilimia 8.25, Massachusetts ni 6.25. Chakula kibichi cha kupika nyumbani hakitozwi kote kuwili.

Toa 350 kwenye 890: mko nyuma kwa dola 540 kila mwezi, na hatujamgusa dada yako.

Naomba hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi ninazozijazia ritani huumia. Dada yako hapokei mshahara, kwa hiyo hayumo kwenye bajeti yenu. Hayupo kwenye karatasi yoyote. Lakini kazi anayoifanya ina bei. Mtoto wa miaka 2 katika kituo cha kulelea watoto kwa siku nzima, wiki nzima, ukikadiria dola 900 kwa mwezi katika eneo la Fort Worth hutakuwa umezidisha. Piga simu vituo vitatu vilivyo karibu na kazi uliyoahidiwa uulize bei ya umri huo, na uulize pia kama nafasi ipo. Kuna msaada wa serikali wa malezi ya watoto unaopitia Workforce Solutions for Tarrant County, ila foleni za kuusubiri huwa ndefu, kwa hiyo usiuhesabu kama fedha mpaka jina la mtoto limeitwa. Na watoto wa miaka 11 na 7 wakitoka shule saa tisa alasiri, nani anawapokea? Leo ni mama yao mkubwa. Ukiugua usiku, nani anabisha hodi? Hilo la mwisho silitilii bei, lakini nimeona watu wamelilia zaidi ya pesa.

Bado kuna gari. Mabasi ya Worcester yaliacha kutoza nauli Machi 2020, na nyumba za ghorofa tatu za mbao kama yenu zimebanana karibu na kila kitu. Fort Worth imetandazwa. Mabasi yapo, lakini mabohari makubwa yako mbali kaskazini, upande wa AllianceTexas, na nyumba yako ya wazee inaweza kuwa kusini. Arlington, mji mkubwa ulio katikati ya Fort Worth na Dallas, hauna kabisa mabasi ya njia za kudumu. Kwa hiyo ni magari mawili, na la pili lina malipo yake, bima yake na mafuta yake. Sema dola 600 kwa mwezi kwa gari lililotumika, ukiwa mwangalifu. Mvua ya mawe ya masika inayobonda magari eneo hilo ni sehemu ya sababu bima yake hailegei.

Basi jumlisha: 540, na 900, na 600. Ni zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi nyuma ya mlipo leo. Pesa mnayotuma nyumbani haitapungua kwa kuwa mmehama. Mzazi aliyezoea kupokea mwisho wa mwezi atasubiri mwisho wa mwezi. Hata nikiwa nimekosea kwa nusu nzima, hiyo bado ni dola 1,000. Kwa namba ulizonipa, kuhama Juni hii kutawarudisha nyuma, na mumeo ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi badala ya kuambiwa kwamba moyo wako unasita.

Bima ya afya nayo inataka muda wake. Mumeo akiacha kazi, bima yenu wakubwa inaondoka nayo. Mwajiri mpya anaruhusiwa kisheria kuwaweka hadi siku 90 kabla bima haijaanza. Katika pengo hilo mnaweza kuendelea na bima ya zamani kwa kujilipia wenyewe, ada yote pamoja na sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri, na ada hiyo hushtua. Njia nyingine ni HealthCare.gov: kuhama jimbo kunawapa siku 60 za kujiandikisha nje ya msimu, mradi mlikuwa na bima kabla ya kuhama, kwa hiyo msiiache ikatike mapema. Medicaid ya Texas kwa wazazi wenye afya msiitegemee. Jimbo hilo halikupanua Medicaid, na mzazi hukubaliwa tu akiwa na mapato ya dola mia chache kwa mwezi.

Kwa watoto hali ni tofauti, na ndipo mnapotembea kwenye ukingo. Kipimo cha umaskini cha serikali kuu cha 2025 kwa watu watano ni dola 37,650. Massachusetts hupokea watoto hadi asilimia 300 ya kipimo hicho, dola 112,950, ndiyo maana wenu wamo bila wasiwasi. Texas, kwenye CHIP, mpango wake wa bima ya watoto, hukomea asilimia 201, kama dola 75,676. Mapato yenu mapya ya dola 18 kila mmoja ni 74,880. Mnabakiwa na nafasi ya dola 800 kasoro kidogo kwa mwaka mzima. Shifti nne tu za ovataimu zinaimaliza. Viwango hubadilika kila mwaka, na mtoto akishapokelewa hukaa miezi 12, lakini mkiomba katika mwezi ambao mumeo amepiga ovataimu nyingi mnaweza kukataliwa. Na ovataimu ndiyo mtakayoitafuta, kwa sababu mshahara umepungua.

Kuna jambo moja ambalo karibu hakuna anayeniuliza, na kwa kazi yako ya kuinua wagonjwa nataka ulijue kabla ya yote. Massachusetts kila mwajiri lazima awe na bima ya fidia kwa wafanyakazi: mgongo ukiteguka ukimgeuza mgonjwa, unatibiwa na unalipwa sehemu ya mshahara ukiwa nyumbani. Texas inamwachia mwajiri wa binafsi uhuru wa kutokuwa na bima hiyo. Wengi wanayo, wengine wamejitoa. Aliyejitoa, ukiumia, huenda ukalazimika kumshtaki ili upate chochote. Sheria inamtaka mwajiri akujulishe kwa maandishi, kwa hiyo uliza kabla hujasaini: "Mna bima ya fidia ya jimbo, au mmejitoa?" Akisitasita, tafuta nyumba nyingine ya wazee. Na siku za kuumwa: Massachusetts unajichumia saa moja ya ugonjwa kwa kila saa 30 za kazi, hadi saa 40 kwa mwaka, na mwajiri mwenye wafanyakazi 11 au zaidi lazima azilipe. Texas haina sheria kama hiyo. Ukiwa na mtoto wa miaka 2, utaitambua tofauti hiyo mapema.

Nisiipake Texas matope, maana nimeona pia familia zilizostawi huko. Dallas na Fort Worth kuna Wakenya wengi, Wakongo wengi, makanisa na misikiti ambako Kiswahili kinasikika, na ndugu yenu tayari yupo. Mtu anayetaka kumiliki nyumba ana nafasi nzuri zaidi huko kuliko Massachusetts ya kati, na tangu wapiga kura waliporidhia Novemba 2025, mwenye nyumba anayeishi ndani yake huondolewa dola 140,000 za thamani ya nyumba kwenye kodi ya majengo ya shule. Mumeo pia asikubali dola 18 kwa sababu tu ndiyo iliyotajwa kwanza. AllianceTexas ni kituo kikubwa cha mizigo cha reli, ndege na malori, na mwenye cheti cha forklift au leseni ya lori huongea bei nyingine. Kama angepata dola 23 kwa maandishi pamoja na bima ya familia tangu mwezi wa kwanza, ningekuwa naandika jibu lingine, ingawa CHIP nayo ingekuwa imewaponyoka.

Wako pia wanaokimbilia New Hampshire ili wakwepe kodi huku wakiendelea kufanya kazi Massachusetts. Hao hawakwepi kitu. Mshahara unaochumwa Massachusetts hutozwa na Massachusetts, hata ukilala Nashua.

Sasa mfanye nini? Mimi ningewashauri msiifute Texas. Isogezeni miaka miwili, na miaka hiyo muifanyie kazi. Tangu vuli ya 2024, mpango wa MassEducate huwalipia ada ya chuo cha jamii wakazi wa Massachusetts wasio na digrii ya kwanza, na wewe uko dakika chache kutoka Quinsigamond Community College, inayofundisha uuguzi. Utajaza fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa ada, kila mwaka, na nafasi za uuguzi zina ushindani, kwa hiyo anza na masomo ya awali muhula ujao. Ukihamia Texas kesho, fursa hiyo unaiacha mlangoni, na chuo cha Texas kitakuhesabu mgeni mpaka ukae miezi 12. Ukitoka hapa na leseni ya LPN, ngazi ya uuguzi iliyo juu ya CNA, ambayo Texas huiita LVN, au ukienda mbali zaidi ukawa muuguzi kamili, utahamisha leseni badala ya cheti cha CNA, na mazungumzo ya mshahara yatakuwa mengine kabisa. Mdogo wenu naye atakuwa na miaka 4, na shule za umma Texas hupokea bure watoto wa miaka 4 wanaotoka familia za kipato cha chini au ambao bado hawajui Kiingereza. Bei kubwa mbili, malezi na mshahara, zitakuwa zimebadilika kwa wakati mmoja. Na ninyi wakubwa mnaweza kuwa mmeshaapa uraia.

Huo uraia una masharti yake. Ombi linataka uwe umeishi angalau miezi mitatu katika jimbo unakoombea. Mkihama wiki moja kabla ya kuomba, mtasubiri. Na mkihama wakati wowote bila uraia, kila mmoja wenu lazima awajulishe USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, pamoja na watoto. Hii ni sheria, na barua ya miadi ikienda kwenye nyumba ya zamani mtaumia. Kama kuna kesi yoyote ya uhamiaji katika familia, hata ya zamani, msiniulize mimi wala mtu wa kujaza fomu mtaani. Nendeni kwa wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ana kwa ana, kabla hamjafunga hata boksi moja.

Mkiamua kwenda Juni licha ya yote, basi msiende wote siku moja. Mumeo atangulie akae kwa binamu yake kwa wiki nane, aanze kazi, alete karatasi mbili za mshahara. Hizo ndizo zitakazoaminika kwa mwenye nyumba, kwa sababu wengi huko wanataka mapato mara tatu ya pango, na pango la 1,950 linadai karibu 5,850 kwa mwezi. Aionje Agosti ya huko, si baridi tamu ya Novemba. Joto likipita nyuzi 38 ndipo utajua bili ya umeme ya Texas ikoje. Umeme wa Fort Worth unachagua mwenyewe kampuni, hivyo chukua mkataba wa bei isiyobadilika, na usome yale masharti yanayokupa punguzo ukifika uniti fulani na kukunyima ukipungukiwa kidogo. Watu wengi hunaswa hapo.

Wewe, kabla ya kuaga kazi, omba hizo dola 18 kwa barua: saa ngapi wanakuhakikishia, shifti gani, bima lini na ada yake kwa familia ya watano, fidia ya kuumia. Neno la kwenye simu si mshahara. Cheti chako cha CNA unahamisha kupitia rejista ya HHSC, idara ya afya ya Texas, ukiwa bado Massachusetts, mradi jina lako liko hai kwenye rejista ya hapa. Mtu akikwambia ni lazima usome kozi upya na ulipe, usimpe hela kabla hujawauliza HHSC wenyewe. Kuacha kazi kwa hiari kwa sababu ya kuhama kwa kawaida hakukupi fidia ya ukosefu wa ajira, kwa hiyo weka akiba ya angalau miezi mitatu ya pango na chakula mbali na gharama ya lori; kutoka Worcester hadi Fort Worth ni kama maili 1,700. Gari mnaliandikisha ndani ya siku 30, leseni za udereva ndani ya siku 90. Mwaka wa kuhama mtajaza ritani ya Massachusetts ya mkazi wa sehemu ya mwaka, na hiyo msijaze kwa kubahatisha. Mpelekee mtu anayeijua kazi. Mkifikia kununua nyumba, tafuteni mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu. Ushauri wa wengi wao ni wa bure au wa bei ndogo, na wao hawapati kamisheni mkinunua.

Kitu kimoja hukukitaja, na nikikiwaza kinaweza kubadilisha hesabu kuliko kodi yote ya Massachusetts. Umemuuliza dada yako? Huenda na yeye amechoka na theluji. Kama yuko tayari kwenda nanyi, ile 900 inafutika, pango mnagawana, na ndipo nitakapotaka uniandikie tena na barua ya mwajiri mkononi tupige upya. Kama hayuko tayari, basi mumeo amsikie akisema mwenyewe. Shukeni wote wawili ghorofa ya chini, kabla mumeo hajampigia tena binamu yake.